Hadisi Isivalishwe Nguo ya Kuazima



Katika vikao vyetu kuko neno linalorudi kila mara tunapozungumza juu ya kuandika hadisi. Linasemwa hivi: vijana wetu hawajui kuandika, Kiswahili chao ni cha sokoni, kwa hiyo kabla ya kuchapa hadisi zao lazima mtu mwenye masomo azishike, azisafishe, aziwekee maneno mazuri. Wengi wanaitika. Mimi sikubali, na naomba kurasa chache za kitabu hiki ili nieleze juu ya nini. Nafundisha Kifaransa na Kiswahili katika sekondari, diploma yangu ni ya ISP, kwa hiyo asije mtu kunijibu kwamba nachukia masomo.

Kwanza tuelewane. Sizungumzi juu ya barua kwa msimamizi wa teritwari, wala ripoti ya mkutano, wala mahubiri ya Jumapili. Nazungumza juu ya hadisi ya kutunga: mtu anakaa, anachukua bike na kaye, anaandika juu ya watu ambao hawakuwepo, wanaofanya mambo ambayo yangeweza kutokea kwetu. Katika kazi hiyo kila mtu ana ladha yake, kama kwa chakula. Kuko mwenye kupenda sombe ya mafuta mengi, kuko mwenye kutosheka na chumvi. Lakini ladha ya mwalimu ikiingia katika kaye ya mwanafunzi haibaki ladha tena, inakuwa sheria. Na nimeona sheria hiyo ikimfundisha mtoto kudanganya juu ya kitu alichokiona kwa macho yake mwenyewe.

Natoa mfano. Nimeutunga mimi ili nisimwaibishe mtu, lakini kila mwalimu wa huku atautambua. Kijana anaandika juu ya Februari 2024, siku zile ambazo mapigano yalifika mpaka kwenye milima inayotazama Sake, mji ukabaki karibu mtupu, na barabara ya Goma ikajaa watu, magodoro na mbuzi. Anaanza hivi:

«Jua la dhahabu lilikuwa likitandaza miale yake mororo juu ya milima ya kijani kibichi ya Masisi yetu iliyobarikiwa, wakati mngurumo wa kutisha wa silaha nzito ulipopasua ukimya mtakatifu wa asubuhi na kuijaza mioyo ya wanyonge simanzi isiyo na kifani.»

Huyo atapata pointi kumi na sita juu ya ishirini, pengine kumi na saba. Sasa mwenzake, yule ambaye Kiswahili chake kinaitwa cha sokoni:

«Bombe ya kwanza ilianguka upande wa Kimoka. Mama akatoa sufuria ya maharagi kwa moto. Ilikuwa haijaiva. Akakunja kitenge, akakiweka kichwani, akaweka sufuria juu na joto yake, akasema twende. Tulitembea mpaka Mubambiro hajasema neno lingine. Pale akauliza nani alibeba chumvi.»

Huyo atapata tisa. Pembeni ya karatasi ataandikiwa kwa wino mwekundu: msamiati ni maskini, sentensi ni fupi, hisia hazikuonyeshwa.

Mimi nauliza: hisia gani hazikuonyeshwa? Katika maandishi ya kwanza, ondoa jina la Masisi, weka Ituri, weka Bosnia, weka nchi yoyote yenye milima na vita, hakuna kitakachobadilika. Hatujui nani alikuwa wapi. Hatujui kama mtu alikimbia au alijificha. Jua lenyewe sina hakika kama mwandishi aliliona, maana analiweka katika kila redaksio, hata ile ya Noeli. Katika maandishi ya pili niko na mama mmoja, sufuria moja, maharagi ambayo hayakuiva na ambayo hakukubali kuyaacha. Nakaa na huyo mama. Nataka kujua kama chumvi ilipatikana.

Tena muangalie: yule wa kwanza anajua Kiswahili sana. Njo shida yenyewe. Ameshajua maneno mengi mpaka hahitaji tena kukumbuka.

Maneno hayo yanatoka wapi? Sehemu kubwa inatoka katika redaksio ya Kifaransa, na hapa nitakaa kidogo, sababu ni shamba langu. Sisi sote tuliofika sekondari tulifundishwa kwamba kurudia neno ni umaskini. Ukiandika «akasema» katika mstari wa kwanza, katika wa pili uandike «akajibu», katika wa tatu «akaongeza», katika wa nne «akabainisha». Mtu akienda Minova mara mbili, mara ya pili lazima «aelekee». Mbwa wa mstari wa kwanza anageuka «mnyama yule» katika wa pili, na katika wa tatu ni «rafiki mwaminifu wa binadamu», mpaka mtoto anayesikiliza anauliza wanyama ni wangapi. Kwa Kifaransa sheria hiyo ina historia yake na waandishi wake, na mimi naifundisha kila mwaka bila kinyongo. Lakini mtu anapoichukua na kuitia katika hadisi ya Kiswahili, anakata mshipa.

Kwetu kurudia njo ngoma ya hadisi. Msimuliaji anasema: akaenda, akaenda, akaenda. Mara tatu, na barabara imekuwa ndefu, na hakutumia neno «ndefu». Sauti yake inashuka kidogo kila mara, mtu aliyekaa karibu na moto anasikia miguu inachoka. Umkate mara mbili, umwachie «alisafiri kwa muda mrefu»: umempa msikilizaji habari, umemnyima safari. Tena kurudia kwa wazee hakukuwa kurudia kwa upofu. Mtoto anakwenda mtoni mara ya kwanza, anaimba, anarudi. Mara ya pili maneno ni yaleyale, wimbo uleule. Mara ya tatu maneno ni yaleyale, lakini kamoja kamebadilika, na sisi wote tuliokuwa tunaimba naye tunanyamaza. Bila zile mara mbili za kwanza, ya tatu haina nguvu. Huo ni ufundi wa juu. Mwenye kuuita umaskini wa msamiati hajawahi kusimulia hadisi mbele ya watoto kumi wenye usingizi.

Vivyo hivyo na «akasema». Mimi napenda «akasema». Ni neno ambalo halijionyeshi. Linafungua mlango na kukaa pembeni ili mtu apite. Nikisoma hadisi ambamo watu wanabainisha, wanatamka, wanafafanua, wanasisitiza, namwona mwandishi amesimama mbele ya watu wake akipunga mikono.

Ushahidi wa haya hatuhitaji kuutafuta mbali, uko Walikale. Mwaka 1956 Mbelgiji mmoja, Daniel Biebuyck, aliandika hadisi ya Mwindo kutoka kinywani mwa Candi Rureke, Munyanga. Kazi ilichukua siku 12. Rureke alisimulia, aliimba, alicheza, aliiga watu na wanyama. Kahombo Mateene, mwana wa Banyanga mwenyewe, alitengeneza maandishi hayo pamoja na Biebuyck, na mwaka 1969 yakatoka Marekani, kwenye Chuo Kikuu cha California, na tafsiri ya Kiingereza. (Mateene huyohuyo alitoa sarufi ya Kihunde mwaka 1992. Nalisema kwa wale wanaodai kwamba lugha zetu hazijawahi kusomewa na mwana wa huku.)

Tunapenda kuitaja hadisi hiyo kwa kujivuna. Tunasema epope, epope, kana kwamba ni mashairi ya Wagiriki. Lakini sehemu kubwa ya Mwindo ni nathari, yaani maneno ya kusimulia yasiyo mashairi, na nyimbo zinaingia katikati. Na ni nathari ya namna gani? Shemwindo amekataza wake zake wasimzalie mtoto wa kiume. Mwindo anazaliwa, na akiisha kuzaliwa anatembea na kusema. Baba anatupa mkuki, haumpati. Anatupa tena, haumpati. Anamzika, mtoto anatoka kaburini. Anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini. Ngoma inasafiri, na ndani yake mtoto anaimba, anakwenda kwa shangazi yake Iyangura. Baba anataka kuua mwana wake! Kuko jambo kubwa kuliko hilo? Na simulizi halikai kutuelezea moyo wa jiwe wala machozi ya damu. Linatupa mkuki, kaburi, ngoma, wimbo. Tunaachwa na vitu hivyo, na hofu tunaileta wenyewe.

Mapambo yako, siyakatai. Mwindo ana jina la sifa linalosema kwamba alizaliwa akatembea, na jina hilo linarudi na kurudi. Rureke anakatiza hadisi, anajitaja mwenyewe, anawaambia neno wanaomsikiliza. Nyimbo zinarudia. Lakini kila pambo lina kazi: jina la sifa linatukumbusha nani anasimama mbele yetu, wimbo unawapa watu nafasi ya kuingia. Hakuna pambo la kuonyesha kwamba Rureke alisoma.

Sasa wakubwa wetu wa Kiswahili bora. Hawa nawaheshimu, wengine walinifundisha. Wanachosema ni kwamba Kiswahili cha kweli kiko pwani, na sisi wa Kivu tuna makombo tu, kwa hiyo mwenye kutaka kuandika afungue kamusi na kuchukua maneno ya Unguja. Historia yenyewe tuikumbuke. Kiswahili kiliingia huku na misafara ya karne ya 19, watu wa Tippu Tip na wangwana wao, kisha misheni, shule, masoko na kazi za wazungu vikakieneza. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili juu ya msingi wa Kiunguja ilikuwa ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo haikuwa mezani. Hatukukivunja Kiswahili sanifu. Kilitengenezwa bila sisi, wakati sisi tulikuwa tayari tunakisema chetu.

Wanataja Shaaban Robert. Vema. Nimesoma «Kusadikika» ya mwaka 1951 na wanafunzi wangu, na ile hotuba ndefu mbele ya mfalme inasomeka vizuri ikiwa na msomaji mwenye pumzi. Shaaban alikuwa mshairi, alizaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, alikulia ndani ya maneno hayo. Nguo ile ilishonwa kwa kipimo cha mwili wake. Kijana wa Kirotshe akiivaa, mikono inabaki ndani. Mimi, nikiulizwa nani nasoma kwa kupenda, namtaja Euphrase Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020. Huyo alizaliwa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake, kama kwetu. Fungueni «Rosa Mistika» ya mwaka 1971 au «Kichwamaji» ya mwaka 1974. Sentensi fupi. Mtu anaingia, anakaa, anasema, anaondoka, na wewe msomaji unashikwa na baridi bila kujua imetoka wapi. Alipotoa mashairi yasiyo na vina, mwaka uleule wa 1974, wenye Kiswahili walimpigia kelele sana. Leo wanamfundisha vyuoni. Nikimsoma nasikia mtu anayezungumza karibu na mlango, asiye na haraka ya kunipendeza.

Kuko wengine waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 1965, kule Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, André Yav aliandika historia ya mji kwa ajili ya chama cha watu waliokuwa zamani maboyi katika nyumba za wazungu. Aliandika kwa Kiswahili cha mji wao, namna kinavyosemwa, bila kumwomba ruhusa mwalimu. Mwanachuoni Johannes Fabian alipoyatoa maandishi hayo katika kitabu mwaka 1990, ilibidi kwanza yasomwe kwa sauti na mwana wa lugha, Kalundi Mango, ndipo yaeleweke vizuri. Nukta na mikato havikusaidia. Sikio ndilo lilisaidia. Siyo hadisi ya kutunga, lakini kwa mwandishi wa hadisi kuna mengi ya kujifunza pale: kitu kilichoandikwa kinaweza kubaki na pumzi ya mwenye kusema.

Mimi mwenyewe siendi mpaka kwa Yav. Nikiandika, sehemu ya msimulizi naiweka katika Kiswahili kinachoweza kusomwa Kigoma au Mombasa bila mtu kujikwaa: vitu viwe vitu, watu wawe watu, «walikuja» isiwe «balikuya». Hiyo ni adabu kwa msomaji wa mbali, na ni chaguo langu; mwingine anaweza kuchagua tofauti na nikamsoma kwa furaha. Lakini mtu wa hadisi akifungua kinywa, nampa kinywa chake. Hapo sitoi hata nusu hatua.

Sababu yake ni ya hapa petu. Mtu wa Sake anasema Kihunde au Kinyarwanda au Kinande nyumbani, Kiswahili sokoni, Kifaransa mbele ya karatasi, na Lingala anaisikia kwa askari tangu utoto. Kwenye barieri, kabla mtu hajaonyesha kitambulisho, sauti yake imeshamtaja. Namna ya kusema «mzee» au «muzee», neno moja la Lingala lililotupwa katikati, kimya cha mtu anayeogopa kwamba akisema atajulikana: katika miaka yetu hii mambo hayo yameamua nani alipita na nani alibaki. Sasa mwandishi anamleta askari wa barieri, anamwambia aseme: «Tafadhali, mheshimiwa, naomba unionyeshe hati zako za utambulisho.» Nani huyo? Alitoka wapi? Tumuogope au hapana? Mwandishi amesafisha Kiswahili na amefuta hadisi. Wala siombi kaye ijazwe maneno ya lugha tano. Neno moja linatosha, likiwekwa mahali pake.

Na kuko nguo mpya, ambayo wazee hawakuijua, ya mashirika. Tumeishi miaka mingi katikati ya miradi na ripoti, na lugha yake imeingia mpaka katika mapenzi. Nimesoma hadisi ambamo msichana aliyekimbia anaitwa «mhanga», jirani aliyempa ugali ni «familia pokezi», na mwishoni wote «wanahamasishwa». Wale waliokufa ni watu «waliopoteza maisha kufuatia kuzorota kwa hali ya usalama». Katika ripoti lugha hiyo ina kazi yake, na ripoti hiyohiyo inaleta mabashi na unga. Lakini watu wenyewe katika kambi za Bulengo na Mugunga walijiita madeplase, neno walilolikata kutoka Kifaransa kwa meno yao wenyewe, na katika «deplase» mimi nasikia hasira ambayo «mkimbizi wa ndani» haina. Aandike deplase.

Juu ya methali nitasema kidogo tu, nisije nikagombana na nusu ya wasomaji. Katika baraza mzee anatoa methali pale kesi imekwama. Anaitoa moja. Watu wananyamaza, wanaipima, mwenye kosa anainamisha kichwa. Mwandishi wetu anatoa tano katika ukurasa mmoja, na hakuna kesi. Methali ikiwa mdomoni mwa mtu wa hadisi anayetaka kushinda jambo, naipenda. Ikiwa mdomoni mwa msimulizi anayetafuta namna ya kumaliza paragrafu, nairuka. Hata ile «hadisi hii inatufundisha kwamba» naomba tuiache shuleni. Watoto wanaomsikiliza bibi wanajua vizuri sungura alifanya nini, bibi haongezi.

Wapinzani wangu wana neno moja ambalo lina uzito, nami nalijibu kwa heshima. Wanasema: mwalimu, ukisema andika kama unavyosema, unafungua mlango kwa uvivu, kila mtu atatupa karatasini chochote kilichomtoka kinywani na kukiita sanaa. Jibu langu ni kwamba hakuna msimuliaji mzuri anayesimulia kama anavyoongea akinunua sambaza. Anachagua. Anaacha vitu tisa, anataja cha kumi. Ile sufuria niliyoitaja juu si jambo jepesi kuiandika; jepesi ni jua la dhahabu, sababu linakuja lenyewe, limeshaandikwa na wengine elfu. Na kweli, kuko hadisi za maneno rahisi ambazo ni mbaya kabisa. Mtu anaamka, anaoga, anakula, anapanda moto, anafika, analala. Sentensi ni fupi na hakuna kitu ndani. Urahisi si dawa ya kila ugonjwa. Nasema tu kwamba katika urahisi ubovu unaonekana mapema, wakati maneno ya mapambo yanaweza kuuficha mpaka ukurasa wa ishirini.

Tena wanasema: Watanzania watatucheka. Wacha wacheke kidogo, si wageni kwetu. Ahmadou Kourouma wa Côte d'Ivoire alipoandika «Les Soleils des indépendances», Kifaransa chake kilikuwa kimepindwa kufuata Kimalinke cha kwao, na wachapishaji wa Ufaransa walikikataa. Kitabu kilitoka kwanza Montréal mwaka 1968, na Paris ikakichapa mwaka 1970. Leo sisi walimu wa Kifaransa tunakitoa kama mfano wa Kifaransa cha Afrika! Kama Kifaransa, ambacho kina akademia na walinzi wake, kilikubali kukunjwa na Mmalinke, Kiswahili ambacho ni chetu tangu mababu kitakataa kwa nini?

Kwa egzame ya serikali ni jambo lingine. Mwanafunzi aandike pale kama egzame inavyotaka, nami nitamsaidia kwa nguvu zote, sababu diploma inaleta mkate. Mkulima ana jembe la maharagi na panga ya migomba. Hakuna anayemwambia achague moja.

Nafika sasa kwenye jambo lililonifanya nichukue bike. Shirika letu linataka kukusanya hadisi za vijana juu ya miaka hii tuliyopita: volkano ya Mei 2021, wakati watu wa Goma kwa maelfu na maelfu walikuja kulala huku kwetu Sake, katika shule, makanisa na baraza za nyumba, kisha Februari 2024, wakati safari iligeuka na sisi tukaenda kulala kwao, kisha Januari 2025, wakati Sake na halafu Goma ziliingia mikononi mwa M23. Ni wazo zuri, na natoa mkono. Lakini katika mpango uliosomwa mbele yetu kuko kamati ya kusahihisha, yenye kazi ya «kuinua lugha», na katika karatasi ya pointi kuko tano juu ya ishirini za «uzuri wa maneno».

Mimi naomba vitu viwili. Cha kwanza, zile pointi tano ziondolewe, zigawanywe kwingine. Zikibaki, vijana si wajinga. Watatuletea jua la dhahabu kwa ndoo, kwa sababu njo tunalolilipia. Cha pili, kamati isahihishe herufi na upatanisho wa maneno katika sehemu ya msimulizi, basi. Ikikutana na neno isilolipenda, isilifute. Hadisi isomwe kwanza kwa sauti, mbele ya watu wawili watatu ambao hawakuiandika, na mmoja wao awe mtu ambaye hakufika sekondari. Huyo akisema «rudia hapo, sikusikia vizuri», mwandishi apige alama. Akicheka mahali pasipo pa kucheka, apige alama. Akisinzia, mwandishi aende nyumbani afikiri upya, hata kama kila sentensi yake ni fupi na kila neno ni la Sake. Mabadiliko ayafanye mwenye hadisi kwa mkono wake. Tusimfanyie.

Najua njia hiyo ni ya polepole, na mtu wa kuchapa anataka karatasi mapema. Hadisi thelathini zikisomwa kwa sauti, nusu saa kila moja, ni saa kumi na tano. Tukikaa mara mbili kwa juma, ni karibu miezi miwili. Chumba cha masomo kinapatikana baada ya saa saba. Mimi niko tayari kwa Jumatano na Jumamosi, na nimeshazungumza na wenzangu wawili, mmoja wa Kifaransa na mmoja wa historia. Wanaotaka kusikiliza waje pia, hata bila kaye.